Dhima ya Mchukuzi

Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani, mzaliwa wa Imenti, alikwenda Marekani kwa masomo, akakaa katika jimbo la Minnesota, ambako wamo watu wengi waliotoka Afrika ya Mashariki. Mwezi wa Januari baridi ya huko hushuka hata nyuzi 20 chini ya sifuri, na maziwa huganda hata watu wakapitisha magari juu yake. Ili apate ada, kijana huyo alifanya kazi nyakati za jioni katika duka lenye biashara ya ajabu machoni pa mtu wa Meru: huuza matumbawe hai kwa watu wafugao viumbe wa bahari majumbani mwao, ndani ya matangi ya kioo. Kazi yake ilikuwa kuyafunga matumbawe katika maboksi na kuyatuma kwa wanunuzi wa miji ya mbali. Aliniandikia barua ndefu juu ya kazi hiyo, na mwishoni akaniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu kwa muda wa wiki tatu. "Mwalimu," aliandika, "kila boksi tulitumalo lina ahadi. Tumbawe likifika limekufa, mnunuzi hutuletea picha yake, nasi humrudishia fedha zake au humpelekea jingine. Hakuna anayedhulumiwa. Mbona basi boksi likifika na maiti mimi hujiona nimekosa?"

Wengi wetu huku milimani tunalijua tumbawe kama jiwe tu. Tukipelekwa Mombasa kwa ziara ya shule twaonyeshwa Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, nasi huambiwa kwamba kuta zake ni za mawe ya matumbawe. Basi twarudi Embu na Meru tukidhani kwamba tumbawe ni mwamba kama miamba ya mto Thuchi. La hasha. Mwamba ule ni nyumba. Mwenye nyumba ni mnyama mdogo sana, laini, mwenye mdomo mmoja uliozungukwa na minyiri. Wanyama hao hukaa maelfu kwa maelfu, kila mmoja ameshikamana na jirani yake, na ndani ya miili yao huishi mwani mdogo usioonekana kwa macho. Mwani hupata nuru ya jua na kufanya chakula, na tumbawe hula sehemu kubwa ya chakula hicho. Ushirika huo hudumu maadamu joto la maji halizidi wala halipungui mno. Matumbawe ya bahari zetu hupenda maji ya nyuzi 25 hivi za joto. Mwaka 1998, Bahari ya Hindi ilipopata joto la kupita kawaida, mengi katika matumbawe ya pwani ya Kenya yalipauka yakawa meupe kama chokaa, kisha yakafa, na zaidi ile haikuwa ila nyuzi chache tu. Ndicho kiumbe ambacho kijana wa Imenti alikuwa akikituma katika nchi ambayo hata maziwa huganda kwa baridi.

Alinieleza namna ya kazi yenyewe, nami naiandika hapa kwa kuwa maswali ya uadilifu hayaeleweki vema mpaka kazi ieleweke. Kipande cha tumbawe hufungwa kwenye ubao mwepesi uelea​o, kikaning'inia kichwa chini ndani ya mfuko wa maji safi ya bahari, ili nyama yake isisuguane na kuta za mfuko. Juu ya maji huachwa nafasi ya hewa. Mfuko wa kwanza huingizwa katika wa pili, na mifuko yote huwekwa katika boksi jeupe jepesi, la namna ile ambayo wauza samaki hutilia barafu. Maana kitu kinachozuia joto lisiingie ndicho hicho kinachozuia joto lisitoke. Chini ya kifuniko hubandikwa kifuko cha joto. Ndani ya kifuko hicho mna unga wa chuma, na unga huo ukipata hewa hushika kutu upesi na kutoa joto. Ni kutu ile ile ilayo majembe yetu, ila hii imeharakishwa. Kifuko hakina budi kufunikwa kwa karatasi kisiguse mifuko ya maji, na boksi halina budi kuachiwa tundu dogo, kwa sababu kifuko kikikosa hewa hupoa. Mwenye hofu nyingi akatia vifuko vitatu mahali pa kimoja atalichemsha tumbawe aliyekusudia kulihifadhi. Tena maboksi hutumwa siku za mwanzo wa wiki, yasije yakalala Jumapili nzima katika ghala ambamo hapana mtu. Na siku ambazo watabiri wa hali ya hewa hutangaza baridi kali mno, mwenye duka mwenye busara hatumi kitu.

Sasa turudi kwenye swali. Yamkini msomaji atasema kwamba kijana hana kosa: biashara ni mapatano ya watu wawili, na ikiwa kila mmoja amepata haki yake, basi shauri limekwisha. Hoja hiyo ina nguvu, wala sipendi kuidharau. Nchi isiyo na desturi ya kulipa hasara haiwezi kuwa na soko. Lakini tazama ni nani anayelipwa. Mnunuzi alitoa fedha, akarudishiwa fedha. Hesabu ya mnunuzi imekaa sawa. Tumbawe halikuwamo katika mapatano hayo, halikuahidiwa kitu, na hakuna fidia iwezayo kulifikia. Aliyevunja chungu cha jirani akanunua kingine amemaliza deni lake lote, kwa sababu chungu hakikuwa na haja ya kubaki kizima. Aliyekuwa na haja ni jirani. Kiumbe hai kina haja yake mwenyewe, iwapo mwenye mali yupo au hayupo. Kila kitendo cha mwili wake ni juhudi ya kuendelea kuishi.

Atasema mwingine: tumbawe halina ubongo, halijui maumivu, basi huwezi kulikosea. Mwingereza Jeremy Bentham, katika kitabu alichotoa mwaka 1789, alifundisha kwamba swali la kuuliza juu ya mnyama ni kama aweza kuteseka, si kama aweza kusema au kufikiri. Mjerumani Immanuel Kant naye alifundisha kwamba tuwahurumie wanyama kwa sababu anayezoea kuwatendea ukatili huufanya moyo wake uwe mgumu hata kwa wanadamu. Mafundisho yote mawili yana faida. Walakini nikiyaleta mbele ya boksi la kijana wangu naona yote mawili hayatoshi. Tumbawe lina mishipa ya fahamu iliyotawanyika mwilini kama wavu, na hatuna sababu ya kudhani kwamba linaona uchungu kama tuuonavyo sisi; na kijana mwenyewe si mkatili hata kidogo. Lakini bado hujiona amekosa, nami nasadiki kwamba nafsi yake haimdanganyi.

Sababu yangu ya kusadiki hivyo si ya vitabuni. Niliipata mwezi wa Julai, katika ukungu wa Embu, nayo si habari ya kunipa sifa.

Mtakumbuka kwamba mwaka 2009 serikali ya Kenya ilianzisha mpango wa kuchimba mabwawa ya samaki vijijini, mabwawa 200 katika kila jimbo la uchaguzi miongoni mwa majimbo 140, kila bwawa la mita 300 za eneo na kutiwa vifaranga 1,000. Watu wa Meru na Embu, ambao wazee wao hawakuwa walaji wa samaki, walijifunza kuwafuga, hata Imenti Kusini pakajengwa kiwanda kidogo cha kutengeneza samaki. Mabwawa mengi yalikauka baadaye, lakini baadhi yalidumu, na shule niliyofundisha, iliyoko juu penye mashamba ya chai, ilirithi moja. Wanafunzi wa chama cha wakulima walichanga fedha zao kununua vifaranga 300 vya perege, samaki ambaye wengi huku humwita tilapia. Nikatumwa mimi kuvileta kutoka upande wa Kirinyaga.

Muuzaji alifanya kazi yake kama ipasavyo. Alikuwa amewanyima vifaranga chakula tangu jana yake, wasije wakayachafua maji safarini. Alijaza mifuko theluthi moja maji na theluthi mbili oksijeni, akaifunga kwa mipira, akaniambia: "Mwalimu, nenda moja kwa moja. Ukifika, ilaze mifuko juu ya maji ya bwawa kwa nusu saa kabla ya kuifungua." Nami niliitikia kama mtu aitikiavyo neno ambalo halijamwingia. Nilichelewa kuondoka. Matatu ilijaa, makanga akaiweka mifuko juu ya paa pamoja na magunia, nami sikumwambia imebeba nini. Mjini Embu nilishuka kununua chaki na kunywa chai, kisha nikapanda gari la pili. Manyunyu yalikuwa yakianguka na upepo ulitoka mlimani. Nilipofika shuleni giza lilikuwa limeingia, wanafunzi walikuwa wakitetemeka kando ya bwawa, nami kwa kuwahurumia wanafunzi niliifungua mifuko na kumwaga vifaranga vyote majini mara moja.

Asubuhi bwawa lilikuwa jeupe. Tulihesabu waliosalia kwa siku kadhaa, tukapata 41.

Nilijifunza baadaye yale ambayo ningaliweza kuyajua mapema kwa kuuliza. Perege hustawi katika maji ya nyuzi 25 hadi 30. Maji yakishuka chini ya 20 hula kidogo, yakishuka zaidi huacha kula kabisa, na yakifika 11 au 12 hufa. Zaidi ya hayo, hata baridi ambayo angeivumilia ikimjia polepole yaweza kumwua ikimjia kwa ghafula. Jambo la kustaajabisha ni kwamba baridi kidogo safarini ni rafiki: maji ya baridi hushika oksijeni nyingi kuliko ya moto, na samaki aliyepoa kidogo huitumia kidogo. Ndiyo maana wachukuzi stadi husafiri alfajiri. Uhai wa samaki yule ulikuwa katika tofauti ya nyuzi chache na dakika thelathini, na mimi nilizitumia dakika hizo kunywa chai.

Muuzaji alipopata habari, ingawa hakuwa na hatia yoyote, alitupa vifaranga wengine bila malipo. Nikawaeleza wanafunzi kwa furaha kwamba hasara yetu imefidiwa. Msichana mmoja wa kidato cha pili aliinua mkono akasema: "Mwalimu, hesabu imekaa sawa. Lakini wale wa kwanza, nani amewalipa?" Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, wala sikuwa na jibu. Ni swali lile lile lililonijia miaka miwili baadaye kutoka Minnesota.

Fikira yangu ni hii. Samaki akiwa katika ziwa lake, ziwa humtunza: ukubwa wa maji huzuia joto lisibadilike upesi, upepo huchanganya hewa na maji, na akiona baridi hushuka au hupanda kutafuta mahali pa kumfaa. Tumbawe haliwezi kutembea, lakini bahari huliletea kila kitu mlangoni. Kazi hiyo yote hufanywa bila ujira, na bila mtu kuifikiri. Siku ninapomtia kiumbe huyo mfukoni, nimelifukuza ziwa kazini. Kazi haikwisha kwa kufukuzwa mfanyaji, imenigeukia mimi. Tangu hapo mimi ndimi ziwa lake, ndimi jua lake na upepo wake, nipende nisipende. Nikilala, ziwa limelala. Dhima hiyo haitokani na uchungu anaouona kiumbe, wala haitokani na bei yake. Inatokana na kitendo changu cha kumwondolea uwezo wa kujitunza. Ndiyo maana kijana wa Imenti hujiona amekosa juu ya kiumbe kisichojua kulia.

Mtaniambia kwamba watu wa Meru ni wachukuzi hodari na hawahitaji somo hili. Ni kweli kwamba wakulima wa Igembe hufunga miraa kwa majani ya mgomba na kuikimbiza Nairobi kwa magari yanayotisha barabarani, kwa kuwa baada ya siku mbili hivi haina thamani. Sizungumzii hapa uzuri au ubaya wa mmea huo. Nasema tu kwamba haraka ile ni ya bei. Miraa ikinyauka, mwenye kudhulumika ni mfuko wa mtu. Ni rahisi mno kwetu kumchukua kiumbe hai kwa desturi tuliyoizoea kwa mzigo, na naona ndilo lililonipata.

Tena dhima hii ina tabia ya kupotea njiani, kwa sababu hupita mikono mingi. Mfungaji husema, mimi nilifunga vema. Dereva husema, sikuambiwa. Mpokeaji husema, nilikuta tayari wamelegea. Kila mmoja asema kweli, na kiumbe amekufa. Katika habari yangu makanga hakuwa na kosa hata chembe, kwani mtu hawezi kutunza asichojua kwamba amekibeba. Kunyamaza kwangu ndiko kulikomfanya aitupe mifuko juu ya paa. Kwa hiyo sehemu moja ya dhima ya mchukuzi ni kusema. Amkabidhiye mwingine uhai bila kumwarifu hakumkabidhi kitu. Ameuacha njiani tu.

Wala dhima haiishi mlangoni pa mpokeaji. Mwaka 2018 faru weusi 11 walihamishwa kutoka hifadhi za Nairobi na Nakuru wakapelekwa Tsavo Mashariki. Walifika hai. Lakini maji waliyoyakuta huko yalikuwa na chumvi kuliko waliyoyazoea. Walivyozidi kunywa ndivyo kiu ilivyozidi kuwashika. Kumi wakafa, na wa kumi na moja alishambuliwa na simba, naye akafa. Wasomaji wa Meru wajue kwamba si lazima iwe hivyo, maana hifadhi yetu wenyewe, baada ya majangili kuwamaliza faru wake katika miaka ya 1980, ililetewa wengine, nao wamezaana. Safari ya kiumbe huisha pale anapoweza tena kujitunza.

Lakini je, asiyejua ana kosa? Hapa naomba msomaji awe na subira, maana ndipo penye ugumu. Hatuwezi kumhukumu mtu kwa asichoweza kukijua. Katika karne ya 19 watu walijaribu kupeleka mayai ya samaki wa Uingereza katika kisiwa cha Tasmania, wakashindwa, kwa kuwa meli ilipita katika joto la tropiki na mayai yakaoza. Mwishowe walifanya jambo la akili: waliyaweka mayai katika kuvu ya kijani imeayo penye unyevu, wakayaweka katika ghala la barafu mjini London, wakayachunguza kwa wiki nyingi hapo hapo kwao kabla ya kuyapakia. Mwaka 1864 meli Norfolk iliyachukua, na baada ya safari ndefu yalifika Australia, mengi yakiwa hai. Ujuzi huo ndio uliofungua njia ya trauti kuletwa Kenya mwaka 1905, mayai yake yakitoka Loch Leven katika Scotland, hata leo trauti wamo katika mito ya baridi ishukayo Mlima Kenya. Kama lilikuwa jambo jema kumtia samaki mgeni, mla wadudu na samaki wadogo, katika mito isiyomjua, hilo ni swali jingine, nami nina mashaka nalo. Ninalosema ni kwamba watu wale walijaribu ujinga wao nyumbani kabla ya kuupakia melini. Ujinga ambao kuuondoa kungenigharimu kipimajoto kimoja na swali moja siwezi kuuita ajali.

Mkataba wa kimataifa juu ya biashara ya viumbe walio hatarini, uliotiwa sahihi mjini Washington mwaka 1973, nao unataka kila kiumbe hai kifungwe na kusafirishwa kwa namna itakayopunguza hatari ya kuumia, kudhoofika afya au kutendewa ukatili, na matumbawe magumu yamo katika orodha zake. Sheria hiyo ni njema. Lakini haikuwapo juu ya paa la matatu, wala haitakuwapo usiku katika ghala la Minnesota.

Hayo ndiyo niliyomwandikia kijana wangu. Nilimwambia pia kwamba kabla ya kuuliza namna ya kulituma tumbawe aulize kama lina haja ya kutumwa kwa wiki ile, na kwamba mimi mwenyewe nilipaswa kuuliza kama perege ana haja ya kukaa penye mashamba ya chai. Alijibu kwa ufupi. Alisema kwamba juma lile baridi ilikuwa kali sana, akamwomba mwenye duka wazuie maboksi tisa kwa siku nne. Mwenye duka akakubali kwa manung'uniko, na mnunuzi mmoja akaivunja biashara.

Sisi nasi tulikwenda kuchukua wale vifaranga wa pili mwezi wa Februari, siku za jua. Tuliondoka kabla ya mapambazuko, wanafunzi wanne na mimi. Makanga alipoambiwa kilichomo mifukoni alitupa kiti cha mbele na kuwazuia abiria wasiegemee. Yule msichana aliipakata mifuko miwili njia nzima, hakuzungumza na mtu. Tulipofika tuliilaza mifuko bwawani, tukapima joto la ndani na la nje kila baada ya dakika tano, tukatia maji ya bwawa kikombe kimoja kimoja, hata kengele ya kipindi cha tatu ikalia na hapana aliyeondoka. Kisha tuliifungua midomo ya mifuko chini ya maji, wakatoka wenyewe. Asubuhi yake tulikuta waliokufa saba, na msichana akawaandika katika daftari.